BARAZA LA NANI? SOMO KUHUSU LUGHA YA SERIKALI

Na Mwanachama, Kidato cha Tatu

Mwaka huu mwalimu mlezi wa chama chetu aliwagawia wanachama mada za utafiti. Wengine walipata methali, wengine wakapata misimu ya makondakta wa matatu za Ziwa, na mimi nikakabidhiwa kijikaratasi chenye maneno manne tu: "Serikali husemaje na watu?" Kusema kweli sikukipenda, kwani nilikuwa nimejitayarishia mashairi. Lakini neno la mwalimu halina rufani. Likizo mbili nzima nilizunguka Chepkoilel na Kimumu nikiwa na daftari kwapani. Nilinakili matangazo yaliyobandikwa ukutani na kwenye miti, nikaketi nyasini katika mabaraza mawili, nikawahoji wazee kwa vijana, na jioni nikawa naisoma Katiba. Haya ndiyo niliyoyavuna.

Nitaanza na sarufi, maana sisi ni chama cha Kiswahili wala si chama cha siasa.

Chukua vitenzi ambavyo serikali huvitumia inaposema nasi. Serikali hutangaza, huarifu, huagiza, hukumbusha, huonya na, ikikasirika, huamuru. Katika vitenzi hivyo vyote mtenda ni mmoja, naye ni serikali. Mwananchi yumo, lakini yumo kama mtendewa: ametangaziwa, ameagizwa, ameonywa. Sasa vilinganishe na vitenzi vya kauli ya kutendana, kama vile kushauriana, kusikilizana, kuulizana na kuelewana. Hapa kila upande una zamu yake ya kusema na zamu yake ya kunyamaza. Nimeyapitia matangazo yote niliyoyanakili daftarini na sikuona hata moja lenye kitenzi cha kutendana. Moja lilikaribia. Liliandikwa "wananchi wote wanaombwa kufika bila kukosa", na hapo "bila kukosa" ikaliharibu lile "wanaombwa".

Mtu ataniambia kuwa siku hizi kuna ushirikishwaji wa umma. Ni kweli, neno hilo limeenea kila mahali, hata wazee wa kwetu wana lao, "patisipesheni", na wengine hulitumia kwa maana ya mkutano wenye soda. Hebu tulivunje neno lenyewe kama tunavyofunzwa darasani. Shina ni shiriki. Likitiwa kiambishi cha kusababisha linakuwa shirikisha, likitiwa cha kutendwa linakuwa shirikishwa, na hapo ndipo ilipozaliwa nomino ushirikishwaji. Anayeshirikishwa ni kama mtoto anayelishwa. Kuna mtu mwingine aliyeshika kijiko, na huyo ndiye anayeamua chakula ni kipi, kitaletwa saa ngapi na kitaondolewa lini. Ushiriki ni neno jingine kabisa. Anayeshiriki ameshika kijiko chake mwenyewe. Tangu nilipoligundua jambo hili, kila ninapolisoma lile neno refu mimi hutafuta kwanza kijiko kiko mkononi mwa nani.

BENCHI LA MAWE NA NYASI ZA CHIFU

Neno baraza nalo lina hadithi yake. Pwani, katika miji kama Lamu na Mombasa, baraza ni kikalio cha mawe kilichojengwa mbele ya nyumba, kando ya mlango. Mwenye nyumba na mgeni huketi hapo kwa kimo kimoja wakinywa kahawa na kupashana habari. Neno hilo liliposafiri kuja bara likavalishwa kofia ya chifu. Waingereza walitunga sheria ya wakuu wa vijiji mwaka wa 1902, kisha mwaka wa 1937 ikaja sheria ya mamlaka ya machifu, iliyompa chifu uwezo wa kutoa amri kwa watu wa eneo lake. Baraza likawa mahali ambapo mmoja husimama na wengine huketi chini juani. Kenya ilipata uhuru, machifu wakabaki, na nyasi zikabaki.

Si kwamba watu wa huku hawakujua namna nyingine. Wanandi walikuwa na kokwet, yaani wazee wa mtaa kuketi pamoja kivulini, kila mzee akiwa na nafasi ya kusema, na jambo halikuamuliwa mpaka maneno yalipokwisha. Kogo wangu alinisimulia hayo kwa fahari. Kisha akaongeza, tena kwa ukali, kwamba wanawake hawakuwa na sauti huko, kwa hiyo nisije nikaandika kana kwamba kila kitu cha zamani kilikuwa kizuri. Basi kogo, nimeandika.

Halafu ikaja redio. Sauti ya Kenya, ambayo mwaka wa 1989 ilikuja kuitwa KBC, ndiyo iliyokuwa kinywa cha serikali. Waulize watu wazima kuhusu taarifa ya habari ya saa saba mchana. Mkubwa wa serikali aliweza kujua kwamba amepandishwa cheo au amefutwa kazi kupitia redio, sawasawa na mkulima aliyekuwa akipalilia mahindi yake hapa Chepkoilel. Maziwa ya shule nayo yalikuja kwa tamko la Rais Moi mwaka wa 1979. Wazee wetu waliyanywa na wanayasifu mpaka leo. Lakini tamko ni tamko hata likiwa na maziwa ndani yake. Hakuna aliyekuja kuwauliza kama walitaka maziwa au madawati.

NAIBU WA CHIFU NA KARATASI YA ALHAMISI

Nilikuwa nimetarajia kumwandika vibaya naibu wa chifu wa kwetu. Nilipoenda kumhoji nyumbani kwake nikabadilisha nia.

"Kijana, keti," akaniambia. "Unataka kujua nasema aje na watu? Mimi napata karatasi Alhamisi jioni. Baraza ni Jumamosi. Karatasi yote ni Kizungu. Hiyo usiku mimi nasoma na kamusi ya mtoto wangu."

"Na Jumamosi unaisoma kwa lugha gani, mzee?"

"Naanza na Kiswahili, kwa sababu hapa kuna watu wa kila kabila. Nikiona wamama wanatazamana naingia Kinandi. Nikirudi Kiswahili nimesahau pahali niliachia."

Fikiria hilo, msomaji. Mtu huyu hakufunzwa kutafsiri, wala halipwi kwa kutafsiri, lakini ndiye daraja la pekee kati ya wizara iliyoko Nairobi na kogo aliyeketi nyasini. Daraja likiwa na ubao mmoja uliooza, anayetumbukia ni mwananchi.

Nitatoa mfano niliouona kwa macho yangu katika baraza la pili. Kulikuwa na habari za kisima. Naibu akasema, "Pesa za kisima zimetoka." Watu wakapiga makofi. Nilipoiona karatasi yenyewe baadaye, nikakuta kwamba pesa hizo zilikuwa zimetengwa tu katika makadirio. Katika lugha ya fedha za umma, kutenga ni kuandika kwamba kiasi fulani kimekusudiwa kazi fulani. Kuidhinisha ni bunge kukubali. Kutoa ni pesa zenyewe kuondoka kwenye hazina. Kulipa ni jambo la nne. Kati ya kutenga na kulipa mwaka mzima unaweza kupita, na pengine kazi isifanyike kamwe. Sasa watu wa mtaa wanasubiri kisima, hawakioni, na jibu wanalolipata vichwani ni moja tu, kwamba pesa zimeliwa. Labda zimeliwa, mimi sijui. Lakini ugomvi wenyewe ulianza na kitenzi.

Lugha ya sheria ndiyo mbaya zaidi. Mwaka wa 1974 Mzee Jomo Kenyatta aliagiza Kiswahili kitumike bungeni, na wabunge waliotoka jasho siku hizo ni wengi. Lakini miswada yenyewe iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Wakereketwa wa Kiswahili tulishangilia. Ukifungua kifungu cha 259, hata hivyo, utaambiwa kuwa matoleo ya Katiba ya lugha tofauti yakipingana, la Kiingereza ndilo litakalofuatwa. Ndugu zetu wa Tanzania, tunaowaonea wivu kwa ufasaha, nao walikaa na sheria za Kiingereza mpaka mwaka wa 2021, walipobadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama.

VIJANA WALIPOGEUKA WAKALIMANI

Mwaka wa 2024 tuliona kinachotokea wananchi wanapokichukua kijiko. Mswada wa Fedha wa mwaka huo ulikuwa na mapendekezo mengi ya kodi, mojawapo likiwa kutoza mkate kodi ya asilimia 16. Ulikuwa mswada mrefu, wa Kiingereza cha wanasheria. Kabla ya hapo, mambo kama hayo yangepita huku watu wakisikia bei mpya dukani. Safari hii vijana waliukatakata mswada vipande, wakaueleza kwa Kiswahili, kwa Sheng na kwa lugha za mama kwenye video fupi za simu. Kaka yangu wa bodaboda, ambaye hajawahi kumaliza ukurasa wa gazeti usio wa michezo, alinifafanulia kodi ya mkate kuliko nilivyofafanuliwa na mtu yeyote.

Yaliyofuata yanajulikana. Maandamano yalianza mwezi wa Juni, hata hapa Eldoret barabara zilijaa, na tarehe 25 Juni waandamanaji wakaingia Bungeni Nairobi. Watu wengi walipoteza maisha yao. Kesho yake Rais William Ruto akasema hatautia sahihi mswada huo. Mimi sitaki kuyaandika haya kwa shangwe, maana waliofariki wengine walikuwa na umri usiozidi wetu sana. Ninachotaka msomaji akione ni kwamba kazi ya kueleza mswada kwa lugha inayoeleweka ilifanywa na watoto wa watu kwa bando zao wenyewe, ilhali kifungu cha 118 cha Katiba kinalitaka Bunge liwezeshe umma kushiriki katika kazi zake. Kifungu cha 196 kinayataka mabunge ya kaunti yafanye vivyo hivyo.

Kuna swali jingine ambalo liliwashughulisha majaji. Je, mwananchi akishatoa maoni, ana haki ya kujibiwa? Kuhusu Sheria ya Fedha ya mwaka wa 2023, Mahakama ya Rufani iliamua tarehe 31 Julai 2024 kwamba Bunge lilipaswa kueleza sababu za kuyakubali au kuyakataa maoni ya umma. Tarehe 29 Oktoba mwaka huo huo Mahakama ya Juu ikaubatilisha uamuzi huo. Wanasheria wana sababu zao, nami si mwanasheria. Lakini katika mabaraza yote mawili niliyohudhuria watu walisimama wakasema ya moyoni, karani akaandika kwenye kitabu, na kitabu kikaingia kwenye gari. Nilimwuliza mama mmoja muuza mboga kama ataenda tena. Akasema, "Niende niseme nini? Ya mwaka jana haijarudi."

Kwa maoni yangu hapo ndipo penye donda. Si ukosefu wa mikutano. Ni ukosefu wa marejeo.

MTU NI AFYA

Mwalimu mlezi ndiye aliyeniambia nitazame ng'ambo ya mpaka. Mwaka wa 1973 Radio Tanzania iliendesha kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya kwa muda wa wiki 12. Wangeweza kutangaza tu, "chimbeni vyoo", na kwenda zao. Badala yake waliwafunza maelfu ya viongozi wa vikundi, wakachapisha vijitabu vya Kiswahili chepesi, na kila wiki kikundi kilikutana kikasikiliza kipindi, kikasoma ukurasa uliohusika, kisha kikazima redio na kujadiliana. Ndiyo, kikazima redio! Wanakikundi waliulizana: je, hapa kwetu malaria yanatoka wapi? Maji yetu yakoje? Sisi tutafanya nini wiki hii? Yapata watu milioni mbili walishiriki. Vyoo vilichimbwa na vichaka vikafyekwa karibu na nyumba, kwa sababu uamuzi ulikuwa umefanywa na wenye nyumba.

Sisemi Tanzania ya wakati ule ilikuwa pepo. Ilikuwa nchi ya chama kimoja, na katika miaka hiyo hiyo watu wengi walihamishwa kwa nguvu kwenda vijiji vya ujamaa. Ajabu ni kwamba serikali iliyofanya mambo hayo mawili ni ile ile. Ilipozungumza na watu kuhusu vyoo, watu walichimba. Ilipowaamuru kuhama, ilibidi itumie malori.

BARUA YA MAMA MMOJA

Sasa nije kwa jambo linalotuhusu sisi wanafunzi, yaani basari. Kuna mwenzetu (ameniruhusu kueleza ila nisimtaje) aliyekaa nyumbani wiki tano kwa sababu ya karo. Mamake hakujua kwamba fomu za basari zilikuwa zimetolewa. Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa ofisi moja ambayo sitaitaja, kwa Kiingereza, likasambazwa pia katika kikundi cha simu ambacho yeye hayumo, kwani simu yake ni ile ya tochi. Alipopata habari siku ilikuwa imepita. Akauza mtamba wake wa pekee, ambaye mwakani angekuwa ng'ombe wa maziwa.

Wakati huo nilikuwa nikiisoma Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka wa 2016, inayotokana na kifungu cha 35 cha Katiba. Nilipofika kuhusu ombi, nusura niruke. Inasema ombi liandikwe kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Kwa Kiswahili! Inaendelea kusema kwamba asiyeweza kuandika, afisa anapaswa kumsaidia, aliandike ombi lake na kumpa nakala. Kupeleka ombi hakulipiwi, ingawa unaweza kutozwa gharama ya nakala. Afisa ana siku 21 za kuamua, na ikiwa habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, saa 48. Akinyamaza, kunyamaza kwake kunahesabiwa kuwa amekataa, nawe unaweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Nikamwendea yule mama. "Mtoto wangu," akasema, "mimi nisumbue serikali na barua?" Nikamwambia, "Mama, sheria inasema ni wao wanaopaswa kusumbuka." Tukaandika barua rasmi, ile ile ya mtihani: anwani mbili, tarehe, KUH, na aya tatu. Hatukulaumu mtu. Tuliuliza mambo manne: tangazo lilibandikwa lini na wapi, siku ya mwisho ilikuwa lini, ni vigezo gani vilivyotumika kuchagua, na waombaji walikuwa wangapi na waliopata ni wangapi. Tuliomba muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yetu. Karani aliigeuza barua mara mbili akauliza, "Hii imeandikwa na wakili?" Mama akajibu, "Imeandikwa na mtoto wa shule."

Siku ya 17 jibu likaja, ukurasa mmoja wa Kiswahili kilichonyooka. Tangazo lilibandikwa Jumatatu na fomu zikafungwa Ijumaa ya wiki hiyo hiyo. Vigezo viliorodheshwa, hesabu ikatolewa. Mwishoni waliandika kwamba mwaka utakaofuata watawapa wakuu wa shule na makanisa tangazo wiki mbili mapema, kwa Kiswahili. Mtamba hakurudi, na basari ya mwaka huo ilikuwa imekwisha. Lakini mama aliikunja barua ile akaiweka ndani ya Biblia, pamoja na kitambulisho chake.

Nimejifunza pia kwamba serikali ina majira yake kama mahindi. Waraka wa mkakati wa fedha wa kaunti hupelekwa kwa bunge la kaunti kabla ya mwisho wa Februari, makadirio ya bajeti kabla ya mwisho wa Aprili, na mpango wa maendeleo wa mwaka kabla ya tarehe 1 Septemba. Anayekuja na ombi la daraja mwezi wa Juni amekuja kupanda wakati wenzake wanapalilia. Tarehe hizi zingeweza kusomwa kwa Kinandi katika Kass FM au Chamgei FM na kwa Kiswahili kanisani, na zisingegharimu hata mfuko mmoja wa saruji.

Kwa naibu wa chifu ningeomba kitu kidogo tu: kila karatasi inayotoka juu ije na ukurasa mmoja wa Kiswahili ulioandikwa na mtu aliyefunzwa kazi hiyo, na ije siku saba kabla ya baraza. Na kila baraza lianze kwa kusomewa majibu ya maswali ya baraza lililopita, hata kama jibu ni "hapana, kwa sababu kadha wa kadha". Yule mama wa mboga aliniambia kuwa hata "hapana" angeenda kuisikia.

Chama chetu kimekubaliana kwamba Ijumaa ya kila wiki wanachama wawili watatafsiri tangazo moja la serikali lililobandikwa karibu na shule, na kulitundika kwenye ubao ulio nje ya lango, wanapopita wazazi na wanabodaboda. Mwalimu atasahihisha kabla halijatundikwa. Kielelezo cha barua tuliyoiandika kiko kwa katibu, na anayehitaji nakala amwone wakati wa mapumziko ya saa nne, aje na karatasi yake.